UZI: Kigeli wa Tano, mfalme wa Rwanda aliyegoma kuoa, akagoma kurudi kwao kama raia, mpaka maiti yake ikafikishwa mahakamani

Dereva wa Rusumo (Arusha)

Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye ule uzi wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda watu walikua wanabishana ufalme wa Rwanda uliisha lini, mmoja anasema uliisha na mfalme Rudahigwa, mwingine eti na Habyarimana ambaye alikua rais, uyu wa pili sijui historia alifundishwa na nani. Na hapa ni Arusha jamani, mji uliokaa na ile mahakama pale kituo cha mikutano AICC miaka ishirini, mkataba wa amani wa Wanyarwanda umesainiwa hapa hapa Agosti 1993, alafu hatujui kama jirani zetu walikua na mfalme aliye hai mpaka 2016. Ngoja niweke nondo.

Jina lake Kigeli wa Tano Ndahindurwa. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu.

Kuanza naye lazima uanze na baba ake, Yuhi wa Tano Musinga. Uyu mzee alikua hataki kubatizwa na Wabelgiji alikua hawapendi kabisa, nao wakamchoka, Novemba 1931 wakamvua ufalme wakamkalisha mtoto wake Rudahigwa. Musinga akahamishiwa Kamembe, kule kusini magharibi kwenye ziwa Kivu, na huko Kamembe ndo Kigeli akazaliwa mwaka 1936. Mnaona? Mtu amezaliwa baba ake kashafukuzwa ikulu. 1940 Wabelgiji wakaona hata Kamembe ni karibu mno, wakamvusha mzee mpaka Moba ndani ya Kongo na familia yake, mtoto ana miaka minne, mzee akafia huko 1944. Kwa hiyo kukaa ugenini Kigeli alikuanza utotoni, hata hajajua ufalme ni kitu gani.

Akarudishwa Rwanda, akasoma Astrida (sasa hivi panaitwa Huye), akaingia kwenye utawala, kakijana kanyamavu. Mrefu balaa, zaidi ya mita mbili, hii familia ni ya warefu, hata kaka ake Rudahigwa ukiangalia picha Wabelgiji wote wanamwangalia kwa kuinua shingo.

Sasa Julai 25, 1959 Rudahigwa akafa ghafla Usumbura, ambayo ndo Bujumbura ya leo, baada ya kuonana na daktari wa Kibelgiji. Mtoto hana. Watu wakaamini kauliwa, na mpaka kesho ukikaa na mzee wa Kinyarwanda hilo hutamtoa. Wabelgiji wakawa wanajipanga taratibu nani ashike. Siku tatu baadaye mazishi Mwima, kilimani pale Nyanza, gavana wa Kibelgiji kaja na magwanda yake, kaburi liko wazi, wakasimama abiru, hawa ni wale wazee watunza siri za ufalme, wakasema mfalme hazikwi mpaka mrithi ajulikane, na mrithi ni uyu hapa, Ndahindurwa, miaka 23. Umati ukalipuka. Gavana afanyeje mbele ya watu wote wale wamejaa hasira? Akakubali. Hii kwangu ndo sehemu tamu kuliko zote, wazee na mikuki wamempiga chenga mkoloni makaburini.

Ila raha ilikua ya miezi mitatu tu. Novemba 1 mwaka huo huo vijana wakampiga Dominique Mbonyumutwa, mmoja wa machifu wachache waliokua Wahutu, uvumi ukaenea kwamba kafa (hakufa), nchi ikawaka moto. Nyumba za Watutsi zikachomwa, maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na huku kwetu. Wabelgiji nao wakageuza mguu, wale waliotawala kwa mgongo wa machifu wa Kitutsi miaka yote ghafla wakawa upande wa chama cha Wahutu, Parmehutu. Katikati ya 1960 Kigeli akatoka nchini, akaenda kuonana na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Hammarskjöld pale Kongo, kutoka hapo Wabelgiji hawakutaka kumuona tena ndani. Januari 28, 1961 kule Gitarama wakatangaza jamhuri. Septemba 25 ikapigwa kura, na mwezi uliofuata mfalme kaletwa Tanganyika, kafukuzwa rasmi.

Hajarudi tena akiwa mzima. Nakula kwanza, naendelea.

Chalii wa Ngarenaro

Oya nimeweka kambi hapa, chai ya rangi na chapati mbili. Mkuu usitufanyie ile ya "itaendelea" alafu unapotea mwezi.

Mama Soweto (Moshi)

Asante kwa madini kaka. Mi swali langu kichwa cha uzi umesema aligoma kuoa. Alikua na tatizo gani, au ndo wale wa kuchagua mpaka jua linazama?

Dereva wa Rusumo (Arusha)

Hapana dada angu, hakua na tatizo. Mwenyewe alisema mila haimruhusu mfalme kuoa akiwa nje ya nchi yake. Basi. Akaanza kusubiri akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akijua labda mwaka mmoja miwili atarudi, ikawa kumi, ikawa ishirini, akatoka Tanganyika akaenda Uganda, akaenda Kenya, 1992 Marekani wakampa hifadhi, akakaa Oakton, Virginia, nje kidogo ya Washington. Amekufa Oktoba 16, 2016 akiwa na miaka 80. Bila mke, bila mtoto.

Na hapa ndo penye hoja yangu ya uzi mzima, watu wengi wanamuonaga kama mzee aliyepoteza maisha kwa kitu kilichokufa. Mi naona tofauti. Mfalme aliyefukuzwa hana jeshi hana kodi hana hata askari wa getini, kitu pekee alichobakiwa nacho ni kukataa. Ukikubali kuoa huko nje maana yake umekubali kwamba hapo ndo kwako. Ukikubali kurudi kama raia umesaini mwenyewe kwamba ile kura ilikua halali. Baada ya 1994 wakubwa wapya wa Kigali walimwambia rudi tu mzee, ila raia wa kawaida, utatunzwa. Akajibu waulizwe wananchi kwanza kama wanataka mfalme. Wakamuacha huko huko. Na hao wakubwa wapya wengi wao ni watoto wa waliokimbia 1959, wazazi wao ndo walikua wanamlilia uyu mfalme kambini. Waliporudi wao hawakumrudisha yeye.

Meku wa Kibosho

Mleta uzi unaandika vizuri ila umeruka sehemu muhimu makusudi. Hiyo kura ya 1961 ilikua na asilimia ngapi? Sema. Asilimia kama 80 walikataa ufalme. Na waliulizwa maswali mawili, kwanza mnataka ufalme uendelee, pili mnamtaka Kigeli awe mfalme. Yote wakasema hapana. Sasa anataka waulizwe mara ya pili ili iweje? Sisi huku Uchagani tulipiga kura kuhusu Mangi Mkuu Marealle, chifu wetu mkuu, 1960, watu wakasema tunataka rais wa kuchaguliwa, akaingia Eliufoo, mambo yakaisha, Marealle hakukimbilia Virginia. Alifanya kazi zake Umoja wa Mataifa huko, akarudi nyumbani akala ndizi zake kwa amani. 1963 serikali ikafuta machifu nchi nzima hata jiwe halikurushwa.

Dereva wa Rusumo (Arusha)

Meku sijaruka, nilikua nakula.

Asilimia 80 ni kweli na maswali mawili ni kweli. Ila angalia mazingira ya kura. Jamhuri imetangazwa Januari, kura imekuja Septemba, yaani maiti imezikwa ndo unaulizwa kama mgonjwa apelekwe hospitali. Wasimamizi huko vijijini ni mabwana wa wilaya wa Parmehutu tayari, mfalme mwenyewe amezuiwa kuingia, na maelfu ya watu wake wako nje kwenye mahema. Umoja wa Mataifa ulishasema arudi kabla ya kura, Wabelgiji wakaweka pamba masikioni.

Lakini nakubaliana na wewe kitu kimoja na nisieleweke vibaya. Mhutu wa kawaida wa kijijini alikua na sababu zake nzito. Kulikua na ubuhake, yaani unampa mwenye ng'ombe nguvu zako miaka na miaka upate ng'ombe wa kutunza, Rudahigwa kaufuta 1954 lakini ardhi ya malisho ikabaki kwa wale wale. Kulikua na kazi za shuruti za barabara na kupanda miti, anayesimama na kiboko ni chifu wa Kitutsi, aliyemtuma ni Mbelgiji lakini mkulima anamuona yule mwenye kiboko. Nani angepiga kura ya ndio? Kwa hiyo hata ingekua kura safi kabisa kama maji ya Njoro, naamini ufalme ungeshindwa. Ila kushindwa kihalali na kufungiwa mlango ni vitu viwili, na yule mzee alikua anadai hicho cha kwanza.

Na hiyo ya Marealle haifanani mkuu. Marealle alichaguliwa na Wachagga wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 50, cheo chenyewe cha Mangi Mkuu kilikua kipya, mamangi walikua wengi kila mmoja na kilima chake. Ukimchagua mtu unaweza kumuondoa, hana cha kudai. Kule Rwanda walikua na ukoo mmoja kwa karne na karne, na ngoma yao Kalinga ambayo ndo ufalme wenyewe. Hiyo ngoma nayo ikapotea wakati huo huo wa fujo.

Chalii wa Ngarenaro

Meku kanyamaza hahaaa. Alafu we dereva hizi habari unazitoaga wapi, au kwenye lori mnabeba vitabu?

Dereva wa Rusumo (Arusha)

Njia ya Kigali chalii angu ukilala Kahama, ukilala Rusumo unasubiri karatasi za mpakani, kama husomi utakunywa. Na Nyanza nimefika, tulishusha mzigo Huye nikamwambia mwenzangu tupitie. Pale Rukari wamejenga upya ile nyumba ya kale ya mfalme, kubwa ya nyasi, ukiingia ndani giza na baridi nzuri, na nyuma kuna ng'ombe wanaitwa inyambo, pembe ndefu hizo hata kwa Wamasai wetu sijaona, wamevalishwa shanga kwenye paji la uso, na mchungaji anawaimbia mashairi wanamsogelea polepole kama wanaelewa. Yule mchungaji ni kijana tu, kajifunza kwa babu ake. Serikali inamlipa kuimba nyimbo za ng'ombe wa mfalme, na mfalme mwenyewe wakati huo yuko Virginia kwenye nyumba ya kupangishiwa kwa msaada wa serikali ya Marekani. Nyie mlikaa mkafikiria hilo? Ng'ombe wamerudishwa ikulu, mwenye ng'ombe hapana.

Bin Kaloleni (Arusha)

Assalam alaykum. Uzi mzuri ila mbona mnaenda Rwanda mnaruka Zanzibar? Sultani Jamshid bin Abdullah huyu hapa wa kwetu. Kakaa kwenye kiti Julai 1963, uhuru Desemba 10, mapinduzi Januari 12, 1964, mwezi mmoja na siku mbili tu za nchi huru. Kapanda meli ya Seyyid Khalifa na watu wake, Kenya wakamkatalia kukaa, akashukia Dar, akapandishwa ndege Uingereza. Akaishi Portsmouth zaidi ya miaka hamsini nyumba ya kawaida, majirani wanamjua ni mzee mpole tu. Hakutoa matamko, hakugawa vyeo. 2020 Oman wakamkubalia akahamia Muscat, akafa Desemba 30, 2024 ana miaka 95 kazungukwa na wajukuu. Mniambie nani kaishi vizuri, huyu au huyo wa kwenu aliyekaa mkavu anasubiri?

Mama Soweto (Moshi)

Wa Portsmouth kaka 😂 wajukuu ndo mpango mzima.

Dereva wa Rusumo (Arusha)

Waalaykum salaam Bin Kaloleni. Kuishi vizuri kaishi vizuri Jamshid, sibishani. Lakini nikuulize, leo kuna mtu yeyote anadai kiti cha Zanzibar kwa jina lake, tena kwa sauti? Sijawahi kusikia. Ukimya wake ndo ulimaliza kesi. Na alipokubaliwa kwenda Oman kaenda kwa wajomba, kurudi Unguja hakurudi hata mara moja. Mi sisemi Kigeli alikua na furaha, nasema dai lake alilibeba mpaka mwisho.

Umegusa kugawa vyeo, hilo nalo tuliseme. Kigeli akiwa Marekani alikua anatoa nishani na vyeo vya heshima kwa wazungu, mtu anachangia hela anapewa cheo, anapiga picha na mfalme mrefu aliyevaa suti na medali. Waandishi wa huko walimcheka sana. Ni aibu? Ndiyo, kidogo ni aibu. Ila ale nini? Tangu ana miaka 23 hana kazi nyingine zaidi ya kuwa mfalme, mfalme asiye na kodi anauza kitu pekee kilichobaki, heshima yake, na wanunuzi walikuwepo. Mi hilo halinisumbui kama linavyonisumbua lile la mahakamani.

Meku wa Kibosho

Lete basi la mahakamani. (Sijanyamaza chalii, nilikua nakamua ng'ombe, hatuwaimbiagi huku.)

Dereva wa Rusumo (Arusha)

Mzee kafa Oktoba 2016. Mshauri wake wa siku zote, Boniface Benzinge, akasema mfalme hakutaka kuzikwa Rwanda chini ya utawala ule. Ndugu wengine wa damu wakasema hapana, mfalme anazikwa Nyanza, mila ndo hiyo. Wakapelekana mahakamani kule Virginia, maiti iko kwenye jokofu, jaji wa Kimarekani anasikiliza nani mwenye haki ya kumzika Mwami, yaani mfalme, wa Rwanda. Miezi karibu mitatu. Mwisho jaji akawapa ndugu, Januari 15, 2017 akazikwa Mwima, pembeni ya Rudahigwa, kilima kile kile alichotangaziwa ufalme 1959.

Sasa angalia hesabu hii. Miaka yote alikataa kurudi bila kiti, akifa wamemrudisha bila kiti na hana mdomo wa kukataa. Kigali wamepata mfalme aliyetulia kaburini karibu na makumbusho, watalii wanalipa kiingilio. Siku chache kabla ya mazishi ile kambi nyingine, baraza la ufalme la uhamishoni, wakatangaza mrithi, mtoto wa kaka ake, anaitwa Emmanuel Bushayija, sasa Yuhi wa Sita, anaishi Uingereza huko karibu na Manchester. Uyu ameoa na ana familia. Alishafanya kazi Kampala na Nairobi, alishaishi mpaka Rwanda yenyewe miaka ya 90 kabla ya kuhamia Ulaya. Kwa hiyo lile sharti la kutokuoa kwake halipo tena, na kurudi alishawahi kurudi kama raia. Ndo maana nasema dai halisi lilizikwa Mwima, hilo la Manchester ni karatasi. Wanaomtambua watanikasirikia, wakasirike.

Mjukuu wa Mwese (Moshi)

Nilikua nasoma kimya ila ngoja niseme. Mimi bibi yangu alikuja na ile mikimbio, wakapelekwa Mwese kule Mpanda, baadaye 1980 Mwalimu akatoa uraia kwa Wanyarwanda wengi nao wakapata. Kaka Dereva umeongea vizuri ila unamsema mfalme kana kwamba yeye ndo alikua anasubiri peke yake. Bibi yangu alikua na redio kubwa ya betri, betri zikichoka anazianika juani, na hakuna mtu kugusa redio jioni sababu labda leo watasema Umwami karudi. Alishapewa uraia, ana shamba, ana wajukuu wanaongea Kiswahili cha hapa, na bado kuna sanduku la nguo halifunguliwi. Kwao mfalme kukataa kuoa na kukataa kurudi kama raia ilikua ahadi, kwamba hajawauza. Angeoa akatulia Nairobi wangejua wameachwa. Angerudi peke ake apewe nyumba Kigali wangejua wameachwa vile vile.

Ila pia niseme ukweli, uvumilivu wao kuna watu waliutumia. Vijana wa miaka ya 60 walivuka mpaka na mishale na bunduki mbovu kwa jina la mfalme, inyenzi waliitwa, na kila wakivuka waliobaki ndani wanauliwa kulipiziwa. Desemba 1963 wakaingia kutokea Burundi, zilizofuata kule Gikongoro watu walikufa kwa maelfu. Bibi alikua na dada huko. Kwa hiyo msimuweke juu sana na msimcheke sana.

Chalii wa Ngarenaro

Daah. Pole sana dada.

Dereva wa Rusumo (Arusha)

Asante dada, hiyo ya kwamba ni ahadi kwa watu wake naichukua, inaongeza uzito kuliko nilivyoweka mimi. Na hao inyenzi nilitaka kuwakwepa, umenibana vizuri.

Mama Soweto (Moshi)

Swali la mwisho nikalale. Kwani angerudi tu kimya kimya miaka ya 60 au 70 wangemfanya nini? Si mfalme tu, mtu wa watu.

Dereva wa Rusumo (Arusha)

Dada wangemuua. Jibu liko jirani hapo hapo, Burundi. Ntare wa Tano, kijana, kakalia kiti Septemba 1966, Novemba waziri mkuu wake Micombero kampindua akiwa safarini Kongo. Akakaa nje. Machi 1972 akarudi kutokea Uganda, Amin kapewa ahadi kwa maandishi na Micombero kwamba hatadhurika. Ndege imetua wakamchukua, wakampeleka Gitega, Aprili 29 kauliwa. Hana hata miaka 25. Kigeli alikua hai anasikiliza hiyo habari redioni kama bibi wa Mwese, na aliyetoa ahadi na aliyepewa wote walikua marais wenye mihuri. Kesho nikifika Singida salama nitafungua uzi wa Ntare peke yake, sababu ile barua ya Micombero na mchezo alioucheza Amin haviwezi kuingia kwenye komenti.

Meku wa Kibosho

Safari njema. Na huo wa Ntare uuanzie kwa baba ake Mwambutsa, maana mtoto ndo alimpindua baba, usije ukaruka tena.